Taka Kwanza, Mtambo Baadaye: Hotuba Kuhusu Umeme wa Mabaki ya Mazao

Ndugu wanaushirika, mafundi, vijana mnaosomea uhandisi, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote.

Nimeitwa nizungumze juu ya mtambo ule unaolishwa magunzi, maganda au samadi, kisha ukatoa gesi, na gesi ikazungusha jenereta. Nitauzungumzia. Lakini naomba mniruhusu nianze na taka zenyewe, kwa sababu katika kazi hii wengi huanza na picha ya mtambo. Wanaipenda, wanatafuta fedha, wanaununua, na ndipo wanapouliza watakuwa wanaulisha nini. Mtambo huo baada ya muda hukaa kwenye banda lililofungwa kufuli, nyasi zikiota mlangoni. Inaniuma sana, maana watu wa pale hubaki wakiamini kwamba jambo lenyewe ni la uongo, na anayekuja baadaye na mpango mzuri hasikilizwi.

Jambo lenyewe si la uongo. Kupata gesi kwa kuchoma kitu kikavu penye hewa haba ni ujuzi wa siku nyingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, petroli ilipoadimika Ulaya na kwingineko, magari, malori na matrekta yapatayo milioni moja yaliendeshwa kwa gesi ya kuni na mkaa. Mengi yalifungwa tanuri la aina aliyoibuni mhandisi Mfaransa Georges Imbert katika miaka ya 1920. Vita vilipokwisha na petroli ikarudi, matanuri hayo yaling'olewa haraka, kwa kuwa dereva hakutaka tena kudamka kuzoa majivu, kusafisha vichujio na kungoja moto ushike ndipo aondoke. Zingatieni hapo. Gesi ile haikushindwa kusukuma injini. Iliachwa kwa sababu inadai mikono ya mtu kila siku, na hilo halijabadilika hadi leo. Kila nitakalolisema kuanzia sasa linatokana na mambo hayo mawili: taka ulizonazo, na mtu atakayeshinda na mtambo.

Kwa hiyo kikundi kikinijia, swali langu la kwanza ni hili: taka zenu ni kavu au mbichi? Jibu lake huamua karibu kila kinachofuata. Taka kavu na ngumu, kama magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi, maganda ya mpunga, ya karanga na ya kahawa, au miti ya pamba baada ya kuvuna, njia yake ni moto. Taka mbichi na laini, kama samadi, mabaki ya mkonge, maganda ya matunda au maji machafu ya kiwanda cha kusindika mihogo, njia yake ni vijidudu. Ukiitia samadi mbichi kwenye tanuri, joto lote litaishia kukausha maji. Na magunzi ukiyazamisha kwenye tangi la biogesi, yaani gesi itokanayo na kazi ya vijidudu hivyo, utayakuta yanaelea miezi kadhaa baadaye yakiwa karibu vilevile, kwa sababu vijidudu vya mle ndani havina uwezo wa kuvunja lignini, ile inayoipa miti ugumu wake.

Nianze na moto. Ukichoma gunzi penye hewa tele, linateketea lote, unabaki na joto na majivu. Lichome ndani ya chombo kilichofungwa, uruhusu hewa kama robo tu hadi theluthi ya ile inayohitajika kuliteketeza kabisa, na mambo yatakuwa mengine. Juu ya tanuri, taka hukauka. Zikishuka, kati ya nyuzi 200 na 600 hivi za joto, huvunjika: hutoa moshi mzito wenye mvuke, gesi na lami, na kinachosalia ni mkaa. Chini yake ndipo hewa inapoingizwa, na hapo moto hupanda kupita nyuzi 1,000. Moshi wote lazima upite katika moto huo. Halafu, chini zaidi, kuna tabaka la mkaa mwekundu usiopata hewa mpya, na hapa ndipo kazi yenyewe inapofanyika. Kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji vikipenya kwenye mkaa huo hunyang'anywa oksijeni, na vinatoka vikiwa kaboni monoksaidi na haidrojeni. Hizo mbili zinawaka. Aliyewahi kukaa karibu na jiko la mkaa ameshaiona kaboni monoksaidi ikiungua, ni ule mwali wa buluu unaocheza juu ya makaa.

Gesi inayopatikana ni dhaifu, na nawaomba msimwamini muuzaji anayewaficha hilo. Karibu nusu yake ni naitrojeni iliyoingia pamoja na hewa, ambayo haiwaki. Kaboni monoksaidi ni kama asilimia 15 hadi 20, haidrojeni inakaribia kiasi hichohicho, methani ni asilimia chache, na sehemu iliyobaki ni kaboni dayoksaidi. Mita moja ya ujazo ya gesi hii hubeba megajuli 4 hadi 6 za nishati, ilhali gesi asilia hubeba zaidi ya 35. Ndiyo maana injini ya petroli iliyoandikwa kilowati 20, ukiilisha gesi hii, itatoa kati ya 10 na 14. Ya dizeli haiwezi kuwaka kwa gesi hii peke yake bila kubadilishwa na kuwekewa plagi. Isipobadilishwa, itaendelea kunywa dizeli kidogo ya kuwashia, na gesi itaokoa kama asilimia 70 hadi 80 ya dizeli iliyokuwa ikitumika. Kwa mwenye jenereta la dizeli tayari, hiyo ndiyo hatua ya kwanza ninayoipendekeza, maana siku tanuri likigoma, umeme haukatiki.

Sasa nije kwenye lami. Mkitoka hapa mmesahau mengine yote, msiisahau lami, kwa kuwa ndiyo imeua mitambo mingi ya aina hii kuliko sababu nyingine yoyote ya kiufundi.

Ule moshi mzito niliousema, ukiponyoka bila kupita kwenye moto mkali, hubeba lami iliyo katika hali ya mvuke. Ndani ya tanuri huioni. Ikifika kwenye bomba lenye ubaridi inaganda, na inagandia mahali pabaya: kwenye kichanganyio cha gesi na hewa, kwenye mashina ya vali, kwenye ringi za pistoni. Jioni injini inazimwa ikiwa nzima, asubuhi haizunguki kwa sababu vali zimenata. Fundi anaifungua, anaisafisha, wiki mbili baadaye yaleyale. Injini ya pistoni huvumilia lami isiyozidi miligramu 100 hivi katika kila mita ya ujazo ya gesi. Tanuri ambalo gesi hutokea juu linaweza kubeba gramu 50 katika mita hiyohiyo, yaani mara 500 ya kile injini inachokivumilia. Tanuri la namna hiyo ni zuri kwa kukaushia mazao au kuchomea matofali, kwa kuwa gesi yake inachomwa ikiwa bado moto. Kwa umeme, hapana. Kwa umeme tunatumia tanuri ambalo gesi huvutwa kwenda chini, ikalazimika kupita kwenye moto na kwenye mkaa mwekundu kabla ya kutoka. Hilo hutoa gramu moja au pungufu, na kiasi hicho vichujio vinakimudu.

Lakini hata tanuri zuri hutoa lami nyingi likiendeshwa vibaya, na hapa nawasemesha hasa mafundi. Taka zikiwa na unyevu uliozidi asilimia 20, moto hupoa na lami haivunjiki. Kuujua unyevu si kazi ngumu: pima uzito wa sampuli, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito uache kupungua, upime tena, tofauti yake ndiyo maji. Mtambo usiokuwa na ghala lenye paa utakufa msimu wa kwanza wa mvua. Nasema utakufa kwa sababu nimechoka kuona bajeti zenye jenereta la kisasa na zisizo na bati la kufunika magunzi. Vilevile, vipande visipolingana ukubwa, vile virefu hukwama na kupingana juu, chini panabaki pango, hewa inapita ovyo na moshi unaponyoka. Vumbi nalo huziba njia ya gesi. Chekecheni, katakateni, vipande vilingane.

Sababu nyingine haionekani kwa macho: mtambo kufanya kazi chini ya uwezo wake. Tanuri la kilowati 30 likiwashwa ili kuwasha taa za kilowati 5 huvuta hewa kidogo, moto unalegea, lami inaongezeka. Kwa hiyo mtambo uliozidi mahitaji si akiba ya kesho. Ni ugonjwa wa leo.

Kuna fundi atakayesema: basi tuioshe gesi kwa maji. Inawezekana, na wengi wanafanya. Ila yale maji yanayotoka kwenye mnara wa kuoshea gesi yamebeba fenoli na sumu nyingine, yana harufu kali na rangi ya kahawia, na nimeona yakimwagwa mferejini. Msifanye hivyo, nawasihi. Tumetoka kutafuta njia safi ya kuondoa taka za shamba, tusimalizie kwa kuua samaki wa majirani. Penye uwezekano, chagueni usafishaji mkavu: chombo cha kuzungushia gesi ili vumbi lianguke, kisha kipoozeo, kisha kichujio cha mkaa au cha vumbi la mbao, na mwisho kichujio cha kitambaa. Vumbi la mbao lililonyonya lami hurudishwa tanurini likaungua. Pakilazimu maji, yazungushwe humohumo ndani na kutibiwa kabla ya kwenda popote. Na kila asubuhi, kabla ya kuifungulia injini, pitisheni gesi kwa dakika chache kwenye kitambaa cheupe. Kikitoka na doa la kahawia linalonata, injini isiwashwe.

Taka nazo hazifanani. Vifuu vya nazi na magunzi ni chakula kizuri kwa tanuri: vizito kiasi, majivu yake ni machache, hushuka bila matata. Maganda ya mpunga ni habari nyingine. Ni mepesi mno, mita moja ya ujazo ina kama kilo 100 tu, na takriban asilimia 20 ya uzito wake ni majivu, ambayo zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni silika, madini yaleyale ya mchanga. Kwa sababu hiyo huhitaji tanuri lake mahususi, lisilo na koo jembamba, lililo wazi juu, na lenye namna ya kuondoa majivu mfululizo. Anayewauzia tanuri moja la "taka zote" muulizeni amelijaribu na taka yenu kwa saa ngapi mfululizo, na injini ikiwa imefungwa.

Hata hivyo maganda ya mpunga yana sifa moja inayonifanya niyapende kuliko taka nyingine zote kavu: yanajikusanya yenyewe. Mkulima analeta mpunga kinuni kwa hiari yake, maganda yanabaki pale. Hebu tufanye hesabu. Tani moja ya mpunga hutoa takriban kilo 200 za maganda. Mtambo mdogo uliotunzwa vizuri hula kilo moja na nusu hivi kwa uniti moja ya umeme. Ili tusijidanganye tuweke kilo 2. Kilo 200 zinatupa uniti 100. Kukoboa tani hiyo moja huhitaji kama uniti 30 hadi 60, kutegemea mashine. Maana yake ni kwamba kinu kinaweza kujiendesha kwa taka zake chenyewe na kikabaki na umeme wa kuwauzia jirani. Hesabu hiyo inafungwa ndani ya ua mmoja, bila lori wala foleni ya mafuta. Linganisheni na mtu anayetaka kukusanya mabua kutoka mashamba ya mbali: mabua ni mepesi, lori linajaa kabla halijabeba uzito wa maana, na dizeli ya lori inameza faida yote.

Mfano unaojulikana zaidi wa maganda ya mpunga uko India, katika jimbo la Bihar. Mwaka 2007, kwenye kijiji cha Tamkuha kisichokuwa na umeme, waanzilishi wa kampuni ya Husk Power Systems waliwasha mtambo wao wa kwanza wa kugeuza maganda kuwa gesi. Mitambo yao ya kawaida ilikuwa ya kama kilowati 32, kila mmoja ukihudumia vijiji vichache kwa nyaya fupi. Mambo yao mawili yanafaa kuigwa. Walitafutia matumizi hata masalia ya tanurini, yakawa malighafi ya kutengenezea udi wa vijiti, kazi iliyowapa kipato wanawake wa vijijini. Na miaka ilivyokwenda waliunganisha mitambo ya gesi na umeme wa jua: jua likahudumia mchana, taka zikahudumia usiku. Mimi naiona hiyo ndiyo sura ya kesho ya kazi yetu. Bei ya paneli imeshuka sana, na anayesema gesi ya taka itashindana na jua saa sita mchana anajichosha. Nafasi ya taka ni giza linapoingia, ni siku za mawingu, na ni pale panapohitajika nguvu ya kuzungusha mashine nzito bila kununua betri nyingi.

Niende sasa kwenye taka mbichi. Humu hakuna moto. Kuna tangi lisilopitisha hewa, na ndani yake vijidudu vinavyovunja samadi na mabaki laini, kundi moja likimpa jingine kazi, mpaka la mwisho linatoa methani. Vinapenda joto la nyuzi 35 hadi 38, vinachukia asidi, na vinataka kaboni na naitrojeni kwa uwiano wa kati ya 20 na 30 kwa moja. Kinyesi cha kuku peke yake kina naitrojeni nyingi, amonia itavidhuru. Kichanganyeni na mabaki ya mimea. Biogesi huwa na methani asilimia 55 hadi 65, kwa hiyo ina nguvu mara nne hivi ya ile gesi ya tanuri, na haina lami. Ina adui mwingine, haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, ambayo hutafuna beringi na kuharibu oili ya injini. Gesi ipitishwe kwenye chombo chenye vinyweleo vya chuma vilivyoshika kutu; kutu huinasa salfa. Vikichoka, vitolewe nje taratibu vipate hewa, vitarudi kufaa, ila vikianikwa kwa pupa hupata joto mpaka vikashika moto.

Hapa napo tupige hesabu bila woga. Chukueni ng'ombe 20 wanaolala zizini, kila mmoja akitoa kilo 10 za samadi inayoweza kuzolewa. Hizo ni kilo 200 kwa siku, zitakazotoa kama mita 7 za ujazo za gesi. Mita moja ya ujazo katika jenereta dogo hutoa uniti moja na nusu hivi. Jumla, uniti 10 kwa siku. Ni umeme wa kuendesha jenereta la kilowati 3 kwa saa tatu na kitu. Si haba, unakamua na kupoza maziwa. Lakini mwenye ng'ombe wanne asije akadanganywa kununua jenereta. Gesi yake aipeleke jikoni moja kwa moja, maana injini ndogo hupoteza robo tatu ya nishati kama joto, na jiko halifanyi hivyo. Mama anayepikia gesi hiyo ameepuka moshi na kuni, faida ambayo balbu tatu haziwezi kuilipa.

Umeme wa biogesi unapendeza pale taka mbichi zinapomiminika mahali pamoja kila siku. Tazameni mkonge. Jani likipita kwenye korona, ile mashine ya kutenga nyuzi na jani, nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu za uzito wake, kilichobaki chote ni maji na majimaji ya kutupwa. Kwa miaka mingi kilitupwa kweli, kikaoza kwenye malundo na mito, kikitoa methani angani. Katika shamba la mkonge la Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilianza mwishoni mwa miaka ya 2000 kuyatia mabaki hayo kwenye mtambo wa biogesi na kuzalisha umeme. Methani ikiachwa ipae, hupasha joto la dunia mara 28 hivi kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Ikichomwa kwenye injini inatupa umeme, na tope linalotoka tangini bado lina naitrojeni, fosforasi na potashi zake karibu zote. Tope hilo ni mbolea, na kwa mashamba mengi thamani yake inakaribia ya umeme wenyewe. Mipango inayolihesabu kama uchafu wa kuondolewa imekosea hesabu tangu mwanzo.

Nimesema taka, nimesema mtu. Limebaki la mnunuzi wa umeme. Mtambo wa gesi hauwezi kuishi kwa taa zinazowashwa jioni kwa muda wa saa nne tu. Mafundi walipwe, vichujio vibadilishwe, mkopo ulipwe, na yote hayo yagawanywe kwenye uniti chache zinazouzwa. Kila uniti itakuwa ghali kupita uwezo wa wateja. Kabla ya kuchimba msingi, mtafuteni mteja wa mchana: mashine ya kusaga, kinu, pampu ya umwagiliaji, chumba cha baridi, karakana ya kuchomelea. Mkimpata mmoja anayetumia nusu ya umeme wote kwa saa nyingi, taa za majumbani zinakuwa nyongeza inayobebeka. Asipopatikana, afadhali fedha hizo zikanunue paneli za jua.

Na taka ni za nani? Leo zinachomwa shambani au zinatupwa, kila mtu atawaambia chukueni bure. Ngojeni mtambo usimame miezi sita. Mwenye kinu ataweka bei, na atakuwa na haki. Mfugaji aliyekuwa akilisha mabua atalalamika, naye ana haki zaidi. Andikianeni mikataba mapema, ya miaka, si ya mdomo, na mwenye taka apewe hisa badala ya senti za siku moja, ili mtambo ukisimama naye aumie. Kisha iacheni ardhi na fungu lake. Mabua yanayobaki juu ya udongo huzuia mmomonyoko na kurudisha rutuba. Shamba likikombwa kila msimu, litalipa umeme huo kwa mavuno yake. Mimi husema mkusanye kile kinachobaki kiwandani na kinuni, ya shambani myaguse kwa woga. Majivu na mkaa wa tanuri vilevile virudi shambani, vikiwa vimeloweshwa ili vumbi la silika lisiingie mapafuni mwa mbebaji.

Nimeliacha mwishoni jambo ambalo sitaki mtu alichukue kama nyongeza. Gesi ya tanuri inaua. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Hewa yenye asilimia 1 na nukta kidogo tu ya gesi hiyo humwangusha mtu ndani ya dakika chache na kumuua, na gesi yetu ina asilimia 15 hadi 20. Kwa hiyo tanuri na injini haviwekwi ndani ya chumba. Vinawekwa chini ya paa lisilo na kuta. Viungo vya mabomba vijaribiwe kwa povu la sabuni kila wiki, king'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo na kifanye kazi, na gesi ya kuwashia, kabla injini haijaipokea, ichomwe kwenye bomba lake nje, isiachwe ikapeperuka. Asiwepo mtu wa zamu peke yake usiku. Mtu akianza kuumwa kichwa na kizunguzungu kazini, asiambiwe akanywe maji. Atolewe nje kwanza, mtambo uzimwe, kisha apelekwe hospitali.

Upande wa biogesi, hakuna ruhusa ya kuingia ndani ya tangi, hata likiwa limekauka, hata kama kilichodondoka humo ni spana ya bei kubwa. Haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi hupoteza uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo kutosikia harufu si dalili ya usalama, na wanaokufa mara nyingi ni wawili: aliyeingia, na aliyemfuata kumwokoa. Methani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka kwa cheche moja. Kazi ya kusafisha tangi ni ya watu wenye mitungi ya hewa, kamba, na msimamizi aliyeko juu.

Ninaomba kila bajeti itakayoletwa mbele yenu iwe na mstari wa mafunzo ya waendeshaji wasiopungua watatu, wenye mishahara, siyo vijana wa kujitolea. Watatu, kwa sababu mmoja ataugua na mwingine atapata kazi mjini. Wafundishwe na mtambo ukiwa umefunguliwa mbele yao, wazime, wabomoe, wasafishe, waunganishe upya na kuwasha, mara nyingi, mpaka aliyewauzia asihitajike tena. Na daftari la kila siku liwepo: uzito wa taka zilizoingia, unyevu wake, saa za kazi, uniti zilizotoka, rangi ya kitambaa cheupe. Mwekezaji akija baada ya mwaka, daftari hilo litamshawishi kuliko hotuba yangu.

Nimeambiwa baadhi yenu mmekuja na vipimo vya taka zenu. Ninayo mizani na karatasi hapa mezani. Tuanze na wenye vinu vya mpunga, kisha wafugaji. Leteni uzito wa wiki moja ya kawaida na wiki moja ya msimu mbaya, na mnitajie nani atanunua umeme huo mchana.